Ubani Katika Chumba cha Panya

Sene 26

Nimechukuliwa! Wanafunzi wa mwaka wa tatu tulioomba kufanya utafiti wa ubongo na Daktari Azalech likizo hii ya mvua tulikuwa wengi, naye amechagua wawili tu: mimi na Beruk, yule kijana mrefu kutoka Ankober anayekaa nyuma darasani na kuinamisha kichwa akipita mlangoni. Shangazi Yeshimebet, ninayekaa kwake hapa Shiro Meda, alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka kuuliza nani anaolewa.

"Haolewi mtu! Fikirte anakwenda kusomea ubongo!"

"Wa nani?"

"Wa panya."

Jirani akarudi ndani kwake.

Sene 29

Daktari Azalech ni mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Ametuonyesha kazi. Panya anapewa vikombe viwili vya mchanga, kimoja kina harufu ya karafuu na kingine ya ndimu. Punje ya sukari inafukiwa kwenye kile cha karafuu. Panya akichimba siku chache anajua: karafuu ni sukari. Halafu nusu ya panya tunawaacha walale, na nusu tunawakesha kwenye pipa linalozunguka polepole. Kesho yake tunawapa vikombe tena, tuone nani kakumbuka na nani kasahau. Vikombe vyote viwili vinanyunyiziwa unga wa sukari juu, ili panya asipate msaada wa kunusa sukari yenyewe.

"Panya anaishi kwa pua," Daktari alisema. "Ukimchezea pua yake, umecheza na kila kitu."

Mimi na Beruk kila mtu ana kundi lake la panya. Zamu yangu asubuhi, yake mchana, chumba kimoja. Beruk ameniambia utafiti huu ndio kazi yake ya kumalizia shahada. Kwangu ni nyongeza tu, kitu cha kujivunia.

Hamle 1

Mvua. Panya. Mchuzi wa shiro.

Hamle 2

Daktari alisimama mlangoni asubuhi akanitazama juu mpaka chini. "Fikirte, kuna harufu gani humu leo?"

Nikajinusa kwa siri. "Hakuna harufu, Daktari."

Akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, akaenda zake.

Hamle 3

Ameuliza tena. Maneno yale yale, uso ule ule.

Hamle 5

Leo tumemaliza mfungo wa Mitume na ukoo wote ulikuwa hapa. Kuku, mayai, watoto chini ya meza. Nilitoka chuoni moja kwa moja, sikuwa hata na muda wa kubadilisha nguo. Nilipomchukua mtoto wa binamu yangu nimpakate, mama yake akamvuta taratibu. "Mwache, ana mafua," akasema. Mtoto hana mafua. Baadaye akakaa kwa bibi, kwa shangazi, kwa kila mtu, akiruka na kucheka.

Walipoondoka, shangazi alifunga mlango. Akaguna.

"Mwanangu, nikikwambia usikasirike."

"Sema tu, shangazi."

"Unanuka panya."

Nililia. Si kidogo. Nguo msimu huu hazikauki, naanika Jumatatu nazianua Alhamisi zikiwa bado na unyevu, na kila nikizivaa ile harufu ya mkojo wa panya inaamka upya. Sasa naelewa yule mwanamke ananiuliza nini kila asubuhi. Anauliza kistaarabu, ananitukana kistaarabu, na anaandika jibu ukutani!

Shangazi hakubembeleza sana. Aliwasha makaa, akatupia ubani, akaning'iniza koti langu jeupe la maabara juu ya moshi, mikono mirefu ya koti ikielea. Akaligeuza mbele na nyuma kama anakaanga.

"Tazama sasa. Hata patriaki mwenyewe akikukumbatia, atadhani umetoka kanisani."

Hamle 6

"Kuna harufu gani humu leo?"

"Hakuna harufu, Daktari." Safari hii nilimtazama machoni.

Hamle 9

Shangazi hufukiza koti kila jioni. Natembea kichwa juu.

Hamle 15

Majaribio ya kwanza. Panya wangu wote walikwenda kwenye karafuu! Waliolala, sawa, lakini hata waliokeshwa, macho mekundu, miguu inayumba, walinyooka wakachimba pale pale. Vitabu vinasema waliokesha husahau. Nilimwita Daktari. Alisoma karatasi mara mbili, akanigusa bega.

Hamle 16

Wa Beruk wamefanya kama vitabu vinavyosema. Waliolala wamekumbuka, waliokesha wamesahau.

Hamle 19

Kanisani asubuhi, sikukuu ya Mtakatifu Gabrieli. Mvua njia nzima. Panya jioni.

Hamle 23

Beruk ana tabia iliyoanza kuniudhi. Akiingia kunipokea zamu, kabla hata hajaweka mfuko chini, anafungua dirisha. Mvua inapiga ndani, sakafu inalowa, panya wanajikunyata kwenye kona. Leo nilimuuliza.

"Joto, au?"

"Hewa tu," akasema, bila kunitazama.

"Na mvua hii?"

"Kidogo tu, nitafunga."

Kumbe hata yeye! Nimefukizwa nikafukizika, na bado kijana wa watu ananifungulia dirisha. Nimemwomba shangazi aongeze ubani.

Nehase 1

Mfungo wa Filseta umeanza. Daktari alituita wote wawili, akaweka matokeo yetu mezani kando kwa kando.

"Kwa Fikirte hata waliokesha wanakumbuka. Kwa Beruk wanasahau. Panya ni wa ukoo mmoja, chumba kimoja, pipa moja. Tofauti ni nini?"

Beruk alitazama viatu vyake. Mimi nilisema sijui, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Nimefikiri sana," Daktari akasema. "Nadhani ni mkono. Panya anayeshikwa kwa upole haogopi, na asiyeogopa, usingizi ukikosekana, ubongo wake bado unashika. Nikiweza kuthibitisha hilo, ni jambo kubwa."

Mkono wangu! Nimeutazama jioni nzima. Shangazi anasema nimeurithi kwa mama yake, ambaye hata ng'ombe mkali alikubali amkamue.

Nehase 6

Daktari alipita mchana akakuta dirisha wazi, maji sakafuni, panya wa Beruk wanatetemeka. Nilikuwa bado naosha vikombe, nikasikia yote.

"Mara ya ngapi hii, Beruk?"

"Samahani, Daktari."

"Nataka sababu, sitaki samahani. Kwa nini unafungua dirisha?"

Beruk alinitupia jicho mara moja, akaliondoa haraka.

"Huna jibu. Unawatesa wanyama halafu unanipa karatasi niamini. Mwenzako ana panya hao hao, tazama kazi yake! Kesho usije. Nitaandika kwamba hukumaliza."

Beruk alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akaniaga kwa kuinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, lakini nitaandika ukweli: huruma yangu ilikuwa ndogo kuliko furaha yangu. Niliona kama nimelipiziwa kisasi cha lile dirisha.

Nehase 7

Panya wa Beruk sasa ni wangu pia. Yuko mmoja mwenye sikio lililokatika, mbishi, anauma.

Nehase 11

Naandika yote kwa mpangilio, nisisahau.

Saa tisa, baada ya kufungua mfungo wa siku hiyo, Mulunesh, katibu wa idara, alitengeneza kahawa ofisini kwake kama anavyofanya kila Jumatano. Tulikuwa watu kama saba. Akiwa anakaanga buni simu ikalia, akaenda kubishana na mtu kuhusu funguo, na buni zikaungua. Hazikuungua kidogo, zilikuwa mkaa. Chumba kizima kilijaa moshi mchungu, watu wakakohoa, mtu akasema, "Leo tutakunywa masizi!"

Daktari alikuwa akifuta miwani yake, hana habari. Mulunesh, kwa utani wake, akapitisha kikaango mbele yake kama desturi ilivyo, mgeni anuse na kusifu. Daktari akauvuta moshi ule kwa kiganja mpaka usoni, akafumba macho.

"Mm. Mikono yako ibarikiwe. Inanukia kama ya mama yangu."

Tuliangua kicheko. Tulidhani ni mzaha, Daktari Azalech hatimaye kafanya mzaha. Kisha akavaa miwani, akaona zile buni nyeusi, na uso wake ukabadilika. Kicheko kikafa kimoja kimoja.

"Mmenikamata," akasema. Akajaribu kutabasamu. "Sina pua mimi. Ile ajali ya barabara ya Debre Birhan, mnaikumbuka, niligonga kichwa. Neva za kunusa ni nyembamba kama nywele, zikikatika zimekatika. Nakula injera kama nakula karatasi. Miaka yote hii nanusa kahawa zenu kwa adabu tu."

"Daktari, mbona hukusema?" Mulunesh alikuwa karibu kulia.

"Ningesemaje? Mwalimu wa ubongo, wake mwenyewe una tundu." Akanigeukia mimi. "Ndiyo maana namsumbua huyu binti kila asubuhi kumuuliza harufu. Yeye ndiye pua yangu. Bila yeye nisingeweza kufanya kazi hii."

Wote wakanitazama kwa upendo. Nilikuwa nimevaa koti langu. Nilijinusa bila kukusudia, na ubani ukanipanda puani mpaka kwenye paji la uso.

Nehase 12

Nilivaa koti safi kutoka stoo, halijawahi kuona moshi. Nikakunja mikono ya koti. Nikafukia sukari kwenye karafuu kwa kijiko, nikawaleta panya wangu waliokeshwa. Walizunguka. Walinusa hiki, walinusa kile, walichimba popote.

Halafu nikachukua lile koti langu, nikapangusa mkono wake kwenye mchanga wa ndimu. Wakaja mbio. Wote, mmoja baada ya mwingine, ndimu, ndimu, ndimu. Wakachimba mpaka chini kutafuta sukari ambayo haikuwepo.

Kila siku nilipofukia punje, mkono mrefu wa koti uliburura juu ya mchanga wa karafuu. Panya wangu hawakuwahi kujifunza karafuu. Walijifunza ubani wa shangazi, na ubani, waliouzoea kila asubuhi, uliwangoja pale pale kila jaribio; hata aliyekeshwa hakuwa na jipya la kukumbuka. Mkono wa upole hakuna. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikiongeza kila jioni.

Na dirisha! Beruk alikuwa akitoa ubani wangu nje ili panya wake wafanye kazi kwa haki.

Nimekaa sakafuni na yule mwenye sikio lililokatika. Hata hakuniuma.

Nehase 13

Sikukuu ya Buhe. Watoto wamepiga fimbo mlangoni wakiimba, shangazi amewapa mikate. Mimi sikuweza kumeza. Kesho nitasema.

Nehase 14

Sikusema.

Nehase 16

Filseta imekwisha, tumekula nyama. Daktari ameniletea asali kutoka kwao Gojjam. Ananiita "mwanangu". Sikusema.

Nehase 18

Daktari atawasilisha matokeo mbele ya idara Pagumen 2, katika zile siku chache za mwisho wa mwaka. Jina langu liko chini ya lake. Kichwa cha habari ni "Mkono wa Upole". Aliniuliza kama napenda.

Nilisema napenda.

Nehase 20

"Kuna harufu gani humu leo?"

"Hakuna, Daktari." Na safari hii ilikuwa kweli, maana navaa koti la stoo. Ajabu ni kwamba ukweli uliniunguza zaidi ya uongo. Panya sasa wanasahau kama vitabu vinavyosema, na mimi najaza karatasi kwamba wanakumbuka.

Nimeisoma sentensi hiyo ya juu. Mpaka leo ningeweza kusema nilikosea. Kuanzia leo mimi ni mwizi.

Nehase 24

Nimemwona Beruk. Kuna duka la kutoa nakala njiani kuelekea Sidist Kilo, niliingia kukimbia mvua, na aliyekuwa nyuma ya mashine ni yeye. Alinisalimu kwa mikono miwili, akafuta kiti kwa kitambaa nikae.

"Daktari hajambo?"

"Hajambo."

"Na yule mbishi wangu, mwenye sikio?"

"Mzima. Anauma."

Akacheka. "Mpe mbegu ya alizeti kabla ya kumshika, haumi. Nilisahau kukwambia."

Nikamuuliza mambo ya shule. Akasema atarudia mwaka, kwani bila kazi ya utafiti hawezi kumaliza. Baba yake alishatangaza kwa kijiji kizima kwamba mwakani kuna sherehe, hivyo hajampigia simu bado. Alisema hayo huku akipanga karatasi za mteja, kwa sauti ya kawaida, kama anasema bei.

Nilisimama nikatoka kwenye mvua ile ile niliyoikimbia.

Nehase 26

Nimesema.

Daktari alikuwa ofisini akisahihisha. Nilibaki nimesimama. Niliweka koti langu la zamani mezani, halafu nikakumbuka kwamba halimwambii chochote, kwake ni kitambaa tu. Ikabidi niseme kwa mdomo, yote, ubani, mikono ya koti, jaribio la ndimu, na karatasi nilizojaza uongo tangu siku ile.

"Tangu lini unalifukiza?"

"Tangu siku tulipomaliza mfungo wa Mitume."

"Kabla ya jaribio la kwanza."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kila asubuhi, Fikirte."

"Nilidhani unanitukana. Nilidhani unasema nanuka panya."

Alilishika koti, akaliachia. Nilitamani anipige.

"Na baada ya siku ya kahawa? Hapo ulishajua kwa nini nauliza."

Mficha uchi hazai, bibi yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeuficha hata kwa mkunga.

"Nimemfukuza kijana wa watu," Daktari akasema, si kwangu. Akafungua droo, akaifunga. "Nenda nyumbani."

Nehase 27 mpaka 30

Sikwenda popote. Shangazi anadhani ni malaria.

Pagumen 2

Nilikwenda kwenye mkutano wa idara kwa sababu Mulunesh alinipigia simu kwamba Daktari amesema niwepo. Beruk naye aliitwa. Alikaa nyuma, shati limepigwa pasi.

Daktari hakuwasilisha "Mkono wa Upole". Alisimama mbele ya maprofesa wote, wengine aliwafundisha yeye, akasema matokeo ni batili. Kulikuwa na harufu ngeni chumbani na yeye hakuijua, kwa sababu hana uwezo wa kunusa, na aliona haya kumwambia mtu yeyote. Mtu asiyenusa, akasema, hafanyi utafiti wa pua bila kuwaonya wenzake, na kosa hilo ni lake.

Kisha alishuka pale mbele. Alitembea mpaka nyuma, na sisi tuliozoea kusimama akipita tukasimama, lakini alipofika kwa Beruk ni yeye aliyeinama. Mwanamke wa umri wake! Beruk alimshika mabega haraka amzuie.

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza," akasema. "Nisamehe. Njoo uanze upya na panya wapya, nitakusimamia mimi mwenyewe mpaka umalize."

Jina langu hakulitaja. Hata kwa jicho hakunielekea. Aliniachia nafasi yote ya kusema, na nafasi ile ilikuwa kubwa kama ukumbi. Nilihesabu sababu za kunyamaza na zote zilikuwa nzuri. Watu walishaanza kukusanya miavuli yao niliposikia sauti yangu.

"Harufu ilikuwa yangu mimi. Na nilipogundua, nilinyamaza, nikaandika uongo."

Walisimama na miavuli mikononi. Profesa mmoja alivua miwani. Daktari aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea karatasi iliyochelewa. Nafasi yangu ya maabara imekwisha, hilo alishaniambia kupitia kwa Mulunesh, na ni haki.

Nilimkuta Beruk barazani akingoja mvua ipungue. Nilitaka kumwomba msamaha na nikamwomba, vibaya, nikirudia rudia. Akasema yamekwisha. Nikaona bora nimuulize lililobaki.

"Siku ile anakugombeza kuhusu dirisha, ulijua ni koti langu?"

"Nina pua, Fikirte."

"Sasa mbona hukusema? Neno moja tu! Angelichukua lile koti, angeuliza watu, angejua."

Alijikuna shingo. Masikio yake yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Ningesemaje? Ulikuwa umesimama pale pale unaosha vikombe. Niseme mbele yako kwamba dada wa watu ananuka? Mwanzoni ulinuka panya, nikajua unaona haya. Halafu ukaja na ubani, nikajua kwa nini umeuweka." Akatazama mvua. "Nikasema, aa, dirisha linatosha."

"Ukakubali kurudia mwaka."

"Mwaka unapita."

Akainua koti lake juu ya kichwa, akakimbia kuvuka uwanja.

Nimekaa na hilo mpaka sasa, shangazi anaita chakula na siendi. Yeye alikubali kurudia mwaka ili mimi nisione haya. Na mimi nilikubali aurudie, kwa sababu hiyo hiyo.